Alikabidhi kiti, simu akabaki nayo: kisa cha mwanzilishi aliyestaafu bila kuondoka

Kabla sijaanza

Hiki kisa nimeruhusiwa na pande zote mbili kukisimulia. Masharti yao yalikuwa mawili, nisitaje kanisa wala mahali, na nisimfanye mtu yeyote kuwa ndo shetani wa hadithi. Kwa hiyo majina hamna. Mwanzilishi nitamwita Mzee, mkewe Mama, na aliyepokea uongozi nitamwita Mrithi japo mwenyewe hilo neno halipendi. Umri na idadi nimezisogeza kidogo ili mtu asije akakisia ni nani. Mimi nimo ndani ya kisa mara mbili, mara ya kwanza kama mhubiri mgeni siku ya kukabidhiana, mara ya pili miezi 8 baadaye kama mmoja wa wasuluhishi watatu, na mtaona hiyo mara ya kwanza sikusaidia kitu.

Huduma ilikotoka

Ilianza na watu 9 wanaoombea sebuleni kwa Mzee na Mama. Miaka 22 baadaye ni kanisa lenye washirika kama 600 na matawi manne, lina jengo lake, lina kwaya mbili ambazo hazipatani, yaani kanisa kamili.

Sasa Mzee si wale watumishi mnaowasikia kwenye habari mbaya. Huyu anajua jina la mtoto wa kila mtu. Kawafungisha watu ndoa, kawabatizia watoto, kawazikia wazazi, na ukimpigia usiku wa manane anapokea mlio wa pili. Namba yake ya simu haijabadilika tangu aipate na nusu ya kanisa wanaijua kwa kichwa. Hiyo simu ikumbukeni, tutarudi kwake.

Katiba ilikuwepo. Iliandikwa kwa sababu usajili unadai katiba, wakaazima ya kanisa jingine wakabadilisha majina, na kwenye kipengele kimoja jina la lile kanisa jingine lilisahaulika humo humo mpaka sisi tunakuja kuisoma. Ilisema mwanzilishi ndiye kiongozi mkuu, mpaka lini haikusema. Baraza la wazee lilikuwa na watu 7, wote kawateua Mzee, na watano kati yao waliokoka mikononi mwake. Benki kulikuwa na sahihi mbili, ya Mzee na ya mhazini. Kiwanja cha kanisa hati yake ilikuwa na jina la Mzee, manake kilipopatikana kanisa lilikuwa bado halijasajiliwa.

Ukiuliza kwa nini miaka 22 hakuna aliyesema jamani hivi vitu tuviweke sawa, jibu ni kwamba hapakuwa na tatizo. Mtu hajawahi kukuibia, kakulea kiroho, kalala njaa kwa ajili ya hilo kanisa, unaanzia wapi kumwomba risiti? Uaminifu wake ndo ulifanya kazi ya utaratibu, na ukafanya vizuri sana muda wote aliokuwepo kazini.

Siku ya kukabidhiana

Mzee alipofika miaka 67 presha ikaanza kumsumbua, daktari akamwambia apunguze kazi. Akaomba, akaita baraza, akawaambia anampisha Mrithi. Mrithi alikuwa na miaka 41, kalelewa kwenye hilo kanisa toka shule ya Jumapili, kahudumu chini ya Mzee miaka 14, hakuna aliyeshangaa. Hapo Mzee anastahili sifa, manake wengi wanangoja mpaka wabebwe.

Sherehe ilikuwa kubwa. Joho likavuliwa kwa Mzee akavikwa Mrithi, watu wakalia. Mimi nikahubiri Musa na Yoshua, Hesabu 27, jinsi Musa alivyomwekea Yoshua mikono mbele ya mkutano wote na kumpa sehemu ya heshima yake angali hai. Nilihubiri vizuri tu, mwenyewe nilijisikia. Ila kuna kitu nilikiruka, nacho ni kwamba Musa baada ya pale alipanda mlimani akafa. Yoshua alipoanza kuvuka Yordani hapakuwa na mtu nyuma ambaye watu wangemkimbilia kusema huyu kijana anatupitisha majini. Eliya na Elisha hali kadhalika, Eliya alichukuliwa mbinguni. Hizi ndo habari mbili tunazozipenda kuhubiri siku za kukabidhiana na zote mbili aliyetangulia hayupo tena kesho yake asubuhi.

Mwisho Mzee akapewa kipaza sauti, akasema maneno ambayo kila mtu anayakumbuka: "Msiwe na wasiwasi wanangu, mimi siendi popote. Nipo." Kanisa likalipuka kwa makofi. Na mimi nilipiga makofi.

Mambo yalivyofuatana

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa asali. Mwezi wa tatu Mrithi akahamisha mkesha toka Jumatano kwenda Ijumaa kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanalala kazini Alhamisi. Kiongozi wa kwaya kubwa, ambaye Ijumaa ndo siku yake ya mazoezi, hakuongea na Mrithi. Alimpigia Mzee. Mzee akasema "ngoja nitaongea naye", akaongea naye kwa upole kabisa, "mwanangu, hao watu wa kwaya uwaangalie", na mkesha ukarudi Jumatano. Ni jambo dogo, lakini kanisa zima lilijifunza somo ndani ya wiki moja, kwamba uamuzi wa Mrithi unakatiwa rufaa na rufaa inapokelewa kwa simu.

Mwezi wa nne tawi moja paa lilikuwa linavuja, baraza likapitisha fedha, Mrithi akaenda kwa mhazini na mhazini akamwambia kwa heshima zote kwamba sahihi benki bado ni ya Mzee. Yaani miezi minne mtu ni kiongozi mkuu na hajui kuwa hawezi kutoa hela ya bati. Nilimuuliza baadaye kwa nini hukuuliza hili kabla ya kusimikwa, akaniambia "ningeulizaje? Ingeonekana nina haraka na mfuko." Na Mzee upande wake aliapa hakuficha, ni kwamba hakuna aliyemkumbusha kwenda benki. Nawaamini wote wawili.

Mwezi wa tano ndo pakachafuka. Kiongozi wa kikundi kimoja cha nyumbani alikula michango ya wenzake, akakiri, Mrithi akamsimamisha huduma miezi sita. Yule mtu akaenda kwa Mzee akalia. Mzee akamwombea, akamsamehe, kama baba yeyote angefanya. Tatizo ni Jumapili iliyofuata, Mzee alipewa nafasi ya kusalimia, akasalimia, halafu akamwita yule yule mtu mbele afunge kwa maombi. Mrithi alikuwa amekaa pale pale madhabahuni. Watu wakafumba macho kuomba lakini niliambiwa wengi walikuwa wanachungulia kuona uso wa Mrithi.

Hapa nisimwonee Mzee peke yake kwa sababu Mrithi aliyafanya yake pia, tena ndani ya mwezi mmoja. Alihubiri divai mpya na viriba vipya, yaani mifuko ya ngozi ya kuwekea divai, na kila aliyekuwepo alielewa kiriba chakavu ni nani. Akatoa picha ya Mzee ofisini wakati wa kupaka rangi na rangi ilipokauka picha haikurudi. Akafungua grupu la WhatsApp la viongozi ambalo wazee watatu hawakuingizwa. Kubwa kuliko yote, alimwondoa Mzee kwenye ratiba ya mahubiri bila kumwambia, Mzee akafika na Biblia na daftari lake, ameshaandaa neno, akakuta mtu mwingine anapanda. Mama aliniambia siku ile Mzee hakula wala hakuongea mpaka Jumatatu jioni.

Baada ya hapo ikaja ile tunayoijua. Kundi la waombaji likapata ufunuo kwamba roho ya Absalomu, yule mwana aliyemwasi baba yake mfalme Daudi, imeingia madhabahuni, mmoja akarekodi sauti, sauti ikazunguka. Upande wa pili vijana wakajibu kwa ya mfalme Sauli aliyemrushia Daudi mkuki. Mwezi wa nane mchungaji wa tawi moja akaacha kupeleka mchango wa mwezi makao makuu, akaandika barua kwamba yeye anamtambua mbeba maono, yaani Mzee, peke yake. Baraza likagawanyika wanne kwa watatu. Hapo ndo tukaitwa sisi watatu toka nje, wote tunafahamika kwa pande zote mbili.

Tuliyoamua na sababu zake

Tulianza kwa kusikiliza kila mtu peke yake, siku mbili. Sababu ni rahisi, tulijaribu kuwaweka pamoja nusu saa ya kwanza tukaona haiwezekani. Mrithi kila akianza sentensi anasema "samahani Baba", na Mzee kila akijibu anaanza na "mwanangu". Hapo hakuna mazungumzo ya viongozi wawili, kuna mtoto anamwomba baba yake msamaha kwa kosa ambalo hajalitaja.

Jambo la pili tulitenga fedha na mengine yote. Tulisema sahihi za benki zibadilike wiki hiyo hiyo, ziwe tatu na zozote mbili zitoshe, na mkaguzi wa hesabu aje kutoka nje ya kanisa. Wengine waliona tunamtuhumu Mzee. Tuliwasomea 2 Wakorintho 8, mstari wa 20 na 21, pale Paulo anapobeba changizo na anapeleka watu kadhaa pamoja ili asilaumiwe na mtu, anajali yaliyo mema mbele za Bwana na pia mbele za wanadamu. Paulo hakuwa mwizi, na mkaguzi kwa Paulo si tusi.

Ukaguzi ulitushangaza. Wizi hapakuwa na hata kidogo. Kilichopatikana ni kinyume, Mzee alipostaafu kazi yake ya zamani alichukua kiinua mgongo chake chote akamalizia jengo la kanisa, bila maandishi, na hakumwambia mtu zaidi ya mkewe. Hana pensheni, hana akiba. Nyumba anayokaa ni ya kanisa. Posho yake ilikuwa ya "kiongozi mkuu", na tangu Mrithi asimikwe mhazini alikuwa anagawa ile ile kwa wawili kwa busara yake mwenyewe.

Siku ya tatu tulikuwa tunaongea na Mama, tunazunguka zunguka na lugha nzuri za kiroho za kuachilia na kumwamini Mungu, akatukatiza. "Watumishi, mnasema tuachilie. Tukiachilia twende wapi?" Kimya. Miezi yote ile, baraza, Mrithi, sisi, na ibada yenye joho na machozi, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukaa na wale wazee wawili kuuliza watakula nini na watalala wapi.

Kuanzia pale maamuzi yalibadilika mwelekeo. Baraza liliandika mkataba wa kustaafu, nyumba wakae maisha yao yote, Mama akibaki peke yake abaki nayo, posho yake iwe fungu lake kwenye bajeti na isitegemee kiongozi aliyepo anampenda au hampendi. Kile kiinua mgongo kikaandikwa kama deni la kanisa. Mzee naye akakubali hati ya kiwanja ihamishiwe kwa wadhamini wa kanisa. Nakwambia kabla ya hilo la nyumba tungeomba hati tungefukuzwa.

Halafu likaja la Mzee akae wapi Jumapili. Hapa sisi wasuluhishi wenyewe hatukukubaliana. Mwenzangu mmoja alitaka Mzee na Mama waabudu kanisa jingine miezi sita, kimya kabisa. Mimi nilipinga, niliona ni kuwatoa wazee kwenye nyumba waliyoijenga. Tulibishana usiku mzima na mwishowe Mzee mwenyewe ndo aliyeamua, alisema aende, kwa sababu "nikiwa nimekaa pale mbele hata nikikohoa watatafsiri".

Kesi ya yule aliyekula michango tuliirudisha kwa baraza, ikaamuliwe na watu ambao si Mzee wala si Mrithi. Mrithi aliombwa aombe radhi hadharani kwa la ratiba na la viriba, akaomba, tena vizuri, hakuweka "lakini". Na Mzee akapewa kazi moja inayoeleweka, kufundisha viongozi wa matawi mara nne kwa mwaka, akialikwa na Mrithi.

La mwisho ni simu. Tulitunga sentensi moja na Mzee akaiandika nyuma ya Biblia yake: "Umeshaongea na mchungaji wako?" Yeyote atakayepiga kuhusu mambo ya kanisa, jibu ni hilo, hata kama Mzee anajua jibu zuri zaidi.

Ilivyoisha

Imepita miaka miwili na kitu. Lile tawi liliondoka, lilikuwa limeshaamua, na barua yetu ya upatanisho sidhani kama ilifunguliwa. Yule aliyesimamishwa baraza lilithibitisha adhabu yake, akahama. Mahudhurio yalishuka mwaka wa kwanza, yamepanda tena ila hayajafika pale. Katiba mpya ipo, wazee wanne kati ya saba sasa wanapigiwa kura, wawili wa mwanzo kuchaguliwa ni akina mama, na kiongozi mkuu ana muhula.

Mzee alikaa nje miezi minne badala ya sita, Mrithi ndo alikwenda kumwita. Sentensi ya simu aliishika miezi miwili hivi halafu akaanza kuteleza, akawa anasema ile sentensi kisha anasikiliza dakika arobaini. Ilikaa sawa pale Mama alipoanza kupokea simu yeye. Uhusiano wa Mzee na Mrithi ni mzuri, wa joto sitasema. Wanaheshimiana, wanaombeana, na kuna mambo wote wawili wamekubali kutoyagusa.

Ninavyokichambua: Yohana 3

Ukitafuta kwenye Biblia mtu aliyekabidhi akabaki hai na bado watu wanamkimbilia, nenda Yohana 3. Wote tunakariri mstari wa 30, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua", tunaupaka ukutani. Angalia ulisemwa lini. Mstari wa 26 wanafunzi wa Yohana Mbatizaji wamemjia na malalamiko, Rabi, yule uliyemshuhudia, naye anabatiza na wote wanamwendea. Hiyo ni simu kabisa! Ni kiongozi wa kwaya yule yule. Na Yohana angeweza kusema "ngoja nitaongea naye". Kupungua kwenye ile habari ni jibu alilowapa watu wake siku moja walipomletea umbea kwa nia nzuri, na ndo maana kwenye kisa chetu nadhani sentensi ya simu ilifanya kazi kubwa kuliko katiba, ingawa wanasheria wa kanisa hawatapenda nikisema hivo.

Kingine ni Hesabu 8, mistari ya mwisho, ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa mahali. Walawi, watumishi wa hema la ibada, walianza utumishi miaka 25, wakifika 50 wanaacha kazi. Wanaacha, lakini hawafukuzwi hemani, wanabaki na ndugu zao wakisaidia ulinzi, ila ule utumishi wenyewe hawaugusi tena. Ona ilivyo wazi, kuna umri, kuna kinachoachwa na kuna kinachobaki. Mzee wetu alipewa joho la kuvua, hakupewa cha kubaki nacho, sasa mtu wa miaka 22 ya kazi asipopewa cha kubaki nacho atashika kile alichozoea, na yeye alizoea kupokea simu.

Hesabu 27 pia niliisoma vibaya siku ile. Nilikomea kwenye kuwekewa mikono. Lakini pale pale Yoshua anasimamishwa mbele ya Eleazari kuhani, ambaye ndiye atakayemwulizia kwa Urimu, kile kifaa cha kuhani cha kuuliza mapenzi ya Mungu. Yaani Yoshua hakupokea vyote alivyokuwa navyo Musa, mambo yaligawanywa. Mrithi wetu alipokea kiti kile kile cha mtu mmoja mwenye kila kitu, na tungemwacha angekuwa Mzee wa pili baada ya miaka 20. Dalili zilikuwepo, mtu anayefungua grupu bila wazee watatu si kwamba ameuchukia mfumo wa Mzee, ameurithi.

Msiwaguse masihi wangu

Huu mstari wa wapakwa mafuta wa Mungu ulitumika sana kwenye ile sauti iliyozunguka. Zaburi 105:15. Ukisoma juu yake, wanaozungumziwa ni Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni kwa mataifa, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Mfalme mmojawapo ni Abimeleki, Mwanzo 20, aliyemchukua Sara. Mungu alimwonya asimguse, akamwambia huyo mume wake ni nabii. Abimeleki akatii. Halafu asubuhi akamwita Abrahamu akamwuliza, umetutenda nini? Kwa sababu Abrahamu alikuwa amedanganya. Kwa hiyo kwenye habari yenyewe ambako ule mstari umetoka, nabii haguswi, ila anaulizwa, na inabidi ajibu. Tuliwasomea waombaji hii, wawili wakanyamaza na mmoja akasema tunatumia akili sana.

Waanzilishi waliotangulia

Mtu asidhani haya ni ya makanisa yetu ya juzi. Fransisko wa Assisi aliachia uongozi wa shirika lake la watawa mwaka 1220 angali hai, akawa ndugu wa kawaida chini ya aliyempokea. Ukisikia hivo unasema huyu ndo mfano. Lakini karibu na kufa kwake mwaka 1226 aliacha wosia wenye maagizo kwa ndugu, na ndugu wakabishana kama unawafunga au hauwafungi, mpaka mwaka 1230 Papa Gregori wa 9 akatamka kwamba kisheria hauwafungi. Mtu hana cheo, ameshafariki, na neno lake bado linahitaji Papa. Mwanzilishi akisema "mimi natoa ushauri tu" asijidanganye, kwake hakuna ushauri tu.

Upande wa pili kuna Jeshi la Wokovu. Mwanzilishi wake, William Booth, alikuwa na haki ya kumteua atakayemfuata kwa siri, alipofariki 1912 bahasha ikafunguliwa, jina likawa la mwanawe Bramwell. Mwaka 1929 Bramwell alikuwa anaumwa sana, Baraza Kuu likakutana likamwondoa na kumchagua Edward Higgins kwa kura, na miaka miwili baadaye sheria ikafuta kabisa haki ya Jenerali kuteua mrithi wake. Iliwauma, ilifika mpaka mahakamani, lakini walikuwa na chombo cha kukutana. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alitengeneza chake mapema, 1784, aliandikisha hati iliyotaja wahubiri 100 watakaoshika mkutano mkuu, na alifariki 1791. Miaka saba kabla! Kanisa letu lilikuwa na baraza ambalo halijawahi kupiga kura hata ya rangi ya ukuta, halafu tunalitegemea liamue kati ya baba na mwana.

Tulipokosea sisi

La kwanza nimeshalisema, nilihubiri sherehe bila kuuliza swali hata moja la nyuma ya pazia, na mhubiri mgeni ndo mtu pekee ambaye angeweza kuuliza bila kuonekana ana haraka na mfuko.

La pili, tulimaliza usuluhishi tukawaachia baraza walitangazie kanisa, baraza likatangaza kwa dakika tatu, "mambo yamekwenda vizuri, tumshukuru Mungu". Washirika 600 waliokuwa wamesikia sauti ya Absalomu wakapewa dakika tatu. Miezi mingi baadaye bado kuna waliokuwa wanaamini Mzee alifukuzwa, na wengine kwamba ukaguzi ulikuta kitu kikafichwa. Tungeusoma muhtasari wote hadharani, pamoja na lile la kiinua mgongo, ambalo Mzee alikataa lisemwe kwa sababu hataki sifa. Tulimheshimu. Sasa hivi naona tungembana zaidi.

La tatu, mke wa Mrithi hatukumhoji kabisa. Tulimhoji Mama kwa sababu ni Mama. Yule binti alikuwa amebeba yote hayo nyumbani, na kumbe lile wazo la kuondoa picha yeye alilipinga toka mwanzo, tungejua mapema.

Kuhusu kumpeleka Mzee nje miezi minne, mwenzangu alikuwa sahihi, mimi nilikosea, nimemwambia. Ile nafasi ndo ilimpa Mrithi kufanya maamuzi kama kumi mfululizo bila mtu kugeuza shingo kuangalia kiti cha mbele.

Mwezi uliopita nimealikwa tena kuhubiri ibada ya kukabidhiana, mahali pengine kabisa, mwanzilishi mwingine. Nikapiga simu kwanza, nikauliza nani anasaini benki, kiwanja kina jina la nani, na mzee akishastaafu analala wapi. Wakanijibu hayo yataangaliwa baada ya sherehe. Nikawaambia basi wasogeze sherehe, nitakuja hiyo siku. Wamesogeza mara moja, na juzi nimesikia mzee wao mwenyewe ndo ameomba isogezwe tena.